Sherifu si sharifu: safari ya Walter Burton kutoka utumwani hadi Seneti ya Texas

Juzi baada ya magharibi tulikuwa barazani, kijana mmoja akitusomea habari za siasa za Marekani kwenye simu yake. Akafika mahali paliposema kwamba sherifu fulani anawania kiti katika bunge la jimbo lake. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni, ambaye sote tulidhani amesinzia, akainua kichwa akauliza: "Kwani na Marekani nako kuna masharifu?"

Tulicheka sana, lakini swali lilikuwa la haki. Kwetu sharifu ni mtu wa kizazi cha Mtume, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu. Sherifu wa Marekani hana nasaba hiyo. Jina lake limetoka kwenye Kiingereza cha zamani, ambako kila wilaya ilikuwa na mwakilishi wa mfalme aliyesimamia amani na kukusanya kodi. Maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, kama wasafiri wawili wasiojuana waliopanda matatu moja.

Nilimwahidi mzee kwamba nitaandika, na badala ya kueleza kwa maneno matupu nimeona afadhali nisimulie maisha ya mtu mmoja. Anaitwa Walter Moses Burton. Ndiye anayetajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa sherifu katika Marekani nzima, na kutoka hapo akaingia Seneti ya jimbo la Texas. Alizaliwa mtumwa.

Kwanza kazi yenyewe. Hapa Kenya ukitaka kujua sherifu ni nani, mchukue OCS, mkuu wa jela, na yule mtu wa mahakama anayekuja na karatasi kukuambia nyumba yako inauzwa. Wachanganye wawe mtu mmoja. Zamani kule Texas mara nyingi waliongeza na ukusanyaji wa kodi juu yake. Halafu fahamu jambo ambalo kwetu ni geni kabisa: mtu huyo hateuliwi na serikali kuu. Wananchi wa kaunti yake wanampigia kura. Sisi tangu enzi za liwali na mudiri, kisha DC na chifu, hadi Kamishna wa Kaunti wa leo, mwenye pingu tumekuwa tukiletewa. Anashuka na barua yake ya uteuzi, na akihamishwa tunasikia tu kwamba ameondoka. Wao wanamchagua, na wakimchoka wanamngoja kwenye debe.

Sasa fikiria uwezo huo ukiwa mikononi mwa watu ambao miaka minne tu nyuma walikuwa wakiuzwa na kununuliwa.

Burton alizaliwa North Carolina, akapelekwa Texas kama mtumwa mwaka 1850, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Bwana wake alikuwa mkulima wa kaunti ya Fort Bend, kando ya mto Brazos, karibu na ulipo mji wa Houston. Ni nchi ya udongo mzito mweusi, na mazao yake makubwa wakati huo yalikuwa pamba na miwa. Mji mmoja wa kaunti hiyo mpaka leo unaitwa Sugar Land, ardhi ya sukari. Aliyewahi kuona Ramisi wakati kiwanda kikifanya kazi hahitaji kuelezwa shamba la miwa lilivyo, ila aondoe mshahara na aweke mjeledi.

Mambo mawili yalimtofautisha Burton na wenzake. La kwanza ni kwamba bwana wake alimfundisha kusoma na kuandika angali mtumwa. La pili lilikuja baada ya vita. Tarehe 19 Juni 1865 jenerali wa jeshi la Muungano alisoma amri mjini Galveston kwamba watumwa wote wa Texas ni huru, miaka miwili na nusu baada ya Rais Lincoln kutoa tangazo lake. Watu waliachwa huru bila shamba, bila nyumbu, bila hata sufuria. Wengi walirudi kulima ardhi ileile kwa kugawana mazao na mwenye shamba, na kila mwisho wa msimu waliambiwa bado wanadaiwa. Burton yeye aliuziwa vipande vikubwa vya ardhi na aliyekuwa bwana wake, kwa dola 1,900. Akawa miongoni mwa weusi wenye mali na ushawishi mkubwa katika kaunti ile.

Nataka tukae kidogo kwenye ardhi hiyo, kwa sababu wanaosimulia habari za Burton huipitia haraka na kukimbilia siasa. Afisa aliyechaguliwa, sherifu hasa, alitakiwa kuweka dhamana ya fedha kabla hajashika kazi, kwa kuwa atashika pesa za umma. Katika majimbo ya kusini wapinzani walijua kuitumia dhamana hiyo. Huna mali, huna wa kukudhamini, basi kura ulizopata ni bure. Tena mtu anayelima shamba la mwingine anaweza kufukuzwa siku ya pili baada ya kupiga kura vibaya. Mwenye ardhi yake hana wa kumtoa.

Sisi wa Pwani tunalielewa hili bila mwalimu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wajitokeze kudai ardhi zao, na wengi waliozilima vizazi kwa vizazi hawakupata karatasi. Wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota penye makaburi ya babu zao. Mgombea anapokuja kwao kila baada ya miaka mitano na ahadi ya hatimiliki, anajua anachokishika. Burton aliingia kwenye siasa akiwa na hati yake sandukuni, na naamini hiyo ndiyo nusu ya hadithi yake.

Mwaka 1867 Bunge la Marekani liliyaweka majimbo ya kusini chini ya jeshi na kuamuru wanaume weusi waandikishwe kupiga kura. Fort Bend, kwa sababu ya yale mashamba, ilikuwa na weusi wengi kuliko wazungu. Hesabu ikawa rahisi. Burton aliongoza Union League ya kaunti, chama kilichowaandaa wapiga kura wapya na kuwafundisha namna ya kutumia haki yao, na mwaka 1869 akachaguliwa sherifu na mtoza kodi.

Jaribuni kuiona sura hiyo. Mwenye shamba aliyezoea kuwapiga watu na kuwauza, leo anakwenda kulipa kodi yake mbele ya Walter Burton. Mwanawe akilewa na kupiga risasi sokoni, funguo za jela ziko kwa Burton. Kuna wanaodhani kwamba ushindi wa watu waliokuwa watumwa ulikuwa kuingia bungeni. Mimi naona sherifu alikuwa mkubwa zaidi kwa maisha ya kila siku. Mbunge anatunga sheria huko mbali, lakini sherifu ndiye anayeamua usiku ule kama genge la watu wenye kamba litaingia jela kumtoa mfungwa au litarudi nyumbani.

Mwaka 1873 akagombea Seneti ya Texas. Hapa nifafanue, maana tunachanganya. Hii si Seneti ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na karibu yote yana mabaraza mawili kama letu la Nairobi. Usilifananishe sana na bunge letu la kaunti, ambalo MCA wake anahangaika na barabara ya wadi na basari za wanafunzi. Bunge la jimbo kule linatunga sheria za jinai, za shule, za ardhi, za jela na za uchaguzi wenyewe. Anayelishika ndiye anayepanga nani atapiga kura na namna gani. Kwa hiyo sherifu anayehamia huko anatoka kwenye kuisimamia sheria na kwenda kuiandika.

Kwetu kalenda nayo ina jambo la kukumbusha. Mwaka huohuo wa 1873, mwezi Juni, Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Frere Town, upande wa pili wa maji kutoka kisiwa cha Mombasa, ilianzishwa muda mfupi baadaye kwa ajili ya waliookolewa majini. Katika ukanda wa Pwani yetu, sheria ya kuifuta hadhi ya utumwa ilikuja mwaka 1907. Yaani Burton alishakuwa sherifu, seneta na mstaafu, huku bado kuna mtu Malindi ambaye kisheria alikuwa mali ya mtu.

Uchaguzi ule wa Disemba 1873 ulikuwa na vituko ambavyo Mkenya yeyote angevifurahia kama si uchungu wake. Mahakama ya Juu ya Texas iliubatilisha kwa sababu ya nukta-mkato. Katiba ya jimbo ilikuwa na sentensi kuhusu mahali na siku za kupigia kura, majaji wakaamua kwamba alama ile ya nukta-mkato inaigawa sentensi kwa namna inayoifanya sheria ya uchaguzi kuwa batili. Chama cha Democrat, ambacho wakati ule ndicho kilichokuwa chama cha mabwana wa zamani, kilikuwa kimeshinda ugavana. Hakikungoja majadiliano ya sarufi. Wanasiasa wake wakaingia jengo la bunge Austin na kuapishana. Gavana wa Republican, Edmund Davis, akamwomba Rais Grant amletee askari. Grant akakataa, na Januari 1874 Davis akaondoka. Majaji wale wakabaki na jina la mahakama ya nukta-mkato mpaka leo.

Katikati ya kimbunga hicho Burton alishinda kiti chake, ingawa upepo wa jimbo zima ulikuwa dhidi ya chama chake cha Republican. Mpinzani wake, mzungu, akapinga matokeo. Hoja yake? Kwamba jina la Burton liliandikwa kwa namna tofauti kwenye karatasi za kura: mahali jina moja kamili, mahali na herufi ya katikati, mahali herufi tupu. Siku zile karatasi za kura zilichapishwa na vyama, si na tume, kwa hiyo tofauti kama hizo hazikuwa ajabu. Kila aliyewahi kurudishwa kwenye dirisha la kitambulisho kwa sababu cheti kinasema Mohamed na barua ya chifu inasema Muhammad atajua tunazungumzia ugonjwa gani. Watu wanajua kabisa wewe ni nani, lakini herufi moja inatosha kukufanya si wewe. Burton hakukata tamaa, na mwisho aliketi. Kwa jumla alitumikia karibu miaka saba katika Seneti ile, kati ya 1874 na 1882.

Alifanya nini huko? Wakati huo alikuwa upande wa wachache, na kwa hiyo mengi aliyoyataka hayakupita. Alichokishikilia ni elimu ya watu weusi. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria iliyozaa chuo cha Prairie View. Bunge lilikianzisha mwaka 1876 kama chuo cha kilimo na ufundi kwa vijana weusi, kikafunguliwa mwaka 1878 na wanafunzi wanane tu, na mwaka uliofuata kikageuzwa kuwa chuo cha kufundisha walimu. Kilijengwa mahali palipokuwa shamba la watumwa. Leo kinaitwa Prairie View A&M University. Wanafunzi wake ndio waliopigania hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1979, haki ya kupiga kura pale wanaposomea, baada ya afisa wa kaunti kuwasumbua kwenye uandikishaji. Kwa hiyo mti alioupanda sherifu wa zamani ulikuja kuzaa kesi ya kura miaka mia moja baadaye.

Lakini lazima niseme na upande mwingine, maana si hadithi ya harusi. Burton akiwa Seneti, jimbo lilikuwa linakodisha wafungwa. Mwaka 1878 wafungwa wa Texas walikabidhiwa matajiri wawili wa sukari, Cunningham na Ellis, wenye mashamba huko Sugar Land, katika kaunti yake mwenyewe. Wengi wa wafungwa hao walikuwa weusi, na makosa ya baadhi yao yalikuwa madogo ya kusikitisha. Walikata miwa kwenye matope hadi kufa. Mwaka 2018 wajenzi wa shule huko Sugar Land walichimba msingi wakakuta mabaki ya watu 95 kwenye makaburi yasiyo na alama. Utumwa ulitoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa jela, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa wa sheria. Seneta mmoja au wawili weusi hawakuweza kuuzuia. Ndiyo maana nasema tusipime kazi ya mtu kwa kiti peke yake, tuangalie pia alizungukwa na akina nani.

Alipoondoka Seneti mwaka 1882, mwenzake mmoja mzungu aliomba apewe zawadi ya heshima, na wakampa bakora ya mpingo yenye dhahabu. Nimeifikiria sana bakora hiyo. Wenzake walimheshimu, hilo halina shaka. Na wengi wa waliokuwa katika vyumba vile waliendelea kupitisha sheria za kuhakikisha hapatatokea Burton mwingine. Mambo mawili haya yalikaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Nyumbani kwake Fort Bend weusi waliendelea kupiga kura na kushika nafasi za kaunti hata baada ya majimbo mengine kuwafungia, kwa kushirikiana na wazungu wachache. Wapinzani wao, kundi la wazungu wengi, walijiita Jaybirds, na wale washirika wakaitwa Woodpeckers. Majina ya ndege, yaani, lakini damu ilikuwa ya watu. Mwaka 1888 weusi kadhaa mashuhuri, akiwemo karani wa mahakama, waliamriwa kuondoka katika kaunti kwa saa chache. Tarehe 16 Agosti 1889 makundi hayo yalipigana kwa bunduki mbele ya mahakama mjini Richmond. Sherifu wa wakati huo, Tom Garvey, mzungu wa Woodpeckers, aliuawa akiwa kazini. Msichana mweusi asiyehusika naye akafa kwa risasi. Gavana mwenyewe alifika kusuluhisha, na suluhu ikawa ni Jaybirds kuchukua kaunti.

Miezi miwili baadaye wakaunda jumuiya yao. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi na wa hila: kabla ya mchujo rasmi wa chama, jumuiya ilifanya mchujo wake wa faragha, wazungu pekee. Aliyeshinda hapo ndiye aliyeshinda kila kitu kilichofuata. Mweusi aliweza kwenda kituoni Novemba akapiga kura yake kwa amani kabisa, kwa jambo lililokwisha kuamuliwa sebuleni miezi kadhaa nyuma. Mtindo huu uliendelea hadi mwaka 1953, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoupiga marufuku katika kesi ya Terry dhidi ya Adams. Miaka 64! Sisi tunaozijua teuzi za vyama vyetu, ambako cheti hupatikana usiku hotelini na sisi asubuhi tunapanga foleni, tusijifanye tunashangaa.

Burton aliyaona hayo yakitokea. Hakuhama. Aliendelea na shughuli za chama chake, akahudhuria mikutano mikuu ya Republican hata miaka ya 1890, na alifariki mwaka 1913. Amezikwa Morton Cemetery mjini Richmond, makaburi yaleyale alikozikwa Mirabeau Lamar, rais wa pili wa Texas ilipokuwa nchi huru, mtetezi mkubwa wa utumwa.

Baada yake, Seneti ya Texas haikupata mtu mweusi hadi mwaka 1966, alipochaguliwa Barbara Jordan wa Houston. Na ofisi ya sherifu wa Fort Bend ilingoja zaidi. Mwaka 2020 sherifu aliyekuwepo, Troy Nehls, aligombea na kushinda kiti cha Bunge la Washington, akiifuata njia ileile ya kutoka jela hadi kutunga sheria. Kiti alichokiacha kikachukuliwa na Eric Fagan, sherifu mweusi wa kwanza wa kaunti hiyo tangu Burton. Kama miaka 150.

Nilimsomea mzee haya yote kabla ya kuyaleta hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ile ardhi ya dola 1,900 sasa iko kwa nani.